Katuni kwenye telefone, kiwavi kwenye shamba

Kila mwenye telefone yenye video za kilimo anajua mambo haya. Jioni, kazi ikiisha, unaifungua ili uangalie tena vile wanaonyesha kupanda kwa mistari, na mara moja watoto wamekwisha kukuzunguka. Mkubwa anaangalia mara moja, anasema ameelewa, anaenda kulala. Mtoto wa miaka sita anaomba irudiwe. Inarudiwa, anaomba tena. Kesho yake anajua maneno yote, hata sauti ya yule anayesoma anaiiga.

Katika namba hii tunazungumza juu ya huyo mtoto. Tumezoea kumfukuza kwa sababu anamaliza batri. Lakini zile picha za kuchorwa zinazotembea, katuni, kile watoto wa Lubumbashi wanaita desenanime, zinaweza kumfundisha sayansi mapema, na sayansi ya shamba iko karibu naye kuliko ingine yoyote. Si kila katuni inafaa, tutaona. Na katuni peke yake haitoshi, hilo pia tutaliona.

Kile jicho haliwezi kuona

Tuchukue kiwavi cha mahindi, kile agronomu anaita kiwavijeshi. Hakikuwa cha Afrika. Kilitoka Amerika, kikaonekana Afrika ya Magharibi mwaka wa 2016, na katika miaka miwili hivi kilikuwa kimefika karibu nchi zote za kusini mwa Sahara. Kila anayelima kwenye barabara ya Kasenga, ya Kipushi au ya Likasi amekwisha kukutana nacho.

Sasa mtoto anakuuliza kwenye shamba: "Papa, hii kadudu inatoka wapi?" Utajibu nini? Wengi tunajibu: "Inatoka mu muhindi." Kuna hata wakubwa wanaosema kinaletwa na mvua. Si ujinga. Hadithi ya kweli ya kiwavi inapita usiku na chini ya udongo, fasi ambapo hakuna anayetazama. Kipepeo cha rangi ya kijivu kinakuja usiku, kinataga mayai 100 mpaka 200 pamoja juu ya jani, kinayafunika kwa manyoya kama vumbi la pamba. Joto likiwapo, siku mbili mpaka nne zinatosha mayai yapasuke. Vitoto vinakwangua jani mpaka libaki kama dirisha la plastiki, vingine vinajitundika kwa uzi na upepo unavibeba mpaka muhindi wa jirani. Kiwavi kinakua, kinavua ngozi mara tano, kinaingia ndani ya moyo wa muhindi, na uchafu wake unajaa humo kama unga wa mbao uliolowa. Kisha kinashuka chini, kinajichimbia kwenye udongo kina cha vidole viwili au vitatu, kinajifunga kwenye ganda la rangi ya kahawia. Hakili, hakitembei. Baada ya siku nane, tisa, au zaidi kama kuna baridi, kinachotoka ni kipepeo.

Mambo hayo yote yanachukua kama mwezi mmoja. Katuni inayamaliza kwa dakika mbili. Mchoraji anakata udongo kama mtu anayekata mkate, mtoto anaona ndani. Anawasha mwanga usiku bila kumfukuza kipepeo. Anakuza yai mpaka likae kubwa kama embe. Kamera ya kawaida inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo, lakini kwa gharama kubwa na kwa kungojea sana. Kalamu ya mchoraji haingojei.

Mtoto wetu wa Haut-Katanga ana faida ingine. Viwavi anavijua tangu mdogo, kwa sababu finkubala anazila nyumbani na anaona mama wanaziuza sokoni. Anajua zinatoka porini, kwenye miti. Ukimwonyesha kwamba finkubala naye ana mama kipepeo, na kwamba ule wa mahindi ana njia ileile ya maisha lakini chakula chake ni kile chetu, hapo amepata jambo kubwa la elimu ya viumbe bila kujua kwamba amesoma.

Waliojaribu mbele yetu

Kazi hii haianzi kwetu. Mjini Dar es Salaam, Tanzania, kuna nyumba inayoitwa Ubongo, iliyoanzishwa mwaka wa 2013 na vijana wachache, Watanzania pamoja na Mmarekani mmoja. Mwezi wa kwanza wa 2014 walianza kuonyesha kwenye televisheni ya taifa, TBC1, katuni za Ubongo Kids, kwa Kiswahili. Zilianza na hesabu, zikaingia sayansi na teknolojia. Mtoto aliyetazama nyumbani aliweza kujibu maswali kwa mesaji ya telefone ya kawaida, si lazima ile kubwa. Kisha wakatengeneza ingine kwa ajili ya wadogo zaidi, wa miaka mitatu mpaka sita, inayoitwa Akili and Me: kitoto kike cha miaka minne, anaishi chini ya mlima Kilimanjaro, usiku akilala anaingia katika inchi ya ndoto ambamo wanyama wanajifunza pamoja naye.

Kwa hiyo ya pili kuna ushahidi. Watafiti walikwenda Morogoro, wakachukua watoto zaidi ya 500. Wamoja walitazama Akili and Me kwa wiki kadhaa, wengine walitazama vipindi vingine vya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka wa 2018: wale wa Akili walipita wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, kuchora, hata maneno ya Kiingereza. Tusiongeze chumvi hapa. Walipimwa juu ya namba na maumbo, hawakupimwa juu ya wadudu wala udongo. Lakini inatuonyesha kwamba mtoto mdogo wa familia ya kawaida, katika Afrika yetu na kwa Kiswahili, anaweza kutoka kwenye kioo na kitu kichwani.

Upande wa wakulima wenyewe kuna kazi ya SAWBO, kundi lililoanzia katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Wanatengeneza katuni fupi sana za kilimo na afya, wanazitoa bure, na picha ni zilezile lakini sauti inabadilishwa kwa lugha nyingi. Ile ya kutambua kiwavijeshi ni mojawapo. Ingine inaonyesha namna ya kuhifadhi maharagi ndani ya bidoni lililofungwa vizuri. Hiyo ilionyeshwa kwa wakulima wa Msumbiji. Walipofuatwa miaka miwili baadaye, 89 kwa mia walikuwa wameichukua njia hiyo. Video hiyo ni ya dakika chache tu. Wakulima hao walikuwa watu wazima, lakini mtu anayejua nyumba zetu anajua kwamba mtoto aliyeketi karibu naye amesikia pia.

Na tusisahau Kongo. Katika miaka ya 1950 padri wa Scheut, Alexandre Van den Heuvel, alikuwa anatengeneza katuni za Mboloko, yule swala mdogo mwenye ujanja wa hadithi zetu. Mwaka wa 1988 Mkongomani Jean-Michel Kibushi alianzisha Studio Malembe Maa, na mwaka wa 1991 akatoa filamu yake ya chura aliyekwenda kwa wakwe. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba katuni ni mambo ya wazungu.

Lugha gani?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu tunaona kwamba hapa njo kazi inaharibikia.

Sheria ya elimu ya taifa ya mwezi wa pili 2014 inasema lugha za taifa, na Kiswahili kimo, au lugha za mazingira, zitumike katika kufundisha. Vijijini mwalimu wa mwaka wa kwanza anafanya hivyo, hata bila kuijua sheria, kwa sababu mtoto hasikii kingine. Mjini Lubumbashi masomo mengi yanaingia moja kwa moja na Kifaransa. Mtoto anajifunza kuimba "chenille, chrysalide, papillon" na ukimwuliza nyumbani chenille ni nini, anakuangalia tu. Ameshika wimbo. Kitu chenyewe hajakishika.

Katuni za Dar zinatusaidia, lakini Kiswahili chao si chetu kabisa. Wao wanasema maji, mtoto wetu anasema mayi. Wao wanasema ugali, yeye anasema bukari. Wanasema "shule", kwetu ni masomo. Maneno hayo mtoto anayazoea haraka, pengine haraka kuliko sisi, kwa sababu anasikia nyimbo za Tanzania kila siku. Neno gumu ni lile la sayansi lenyewe, ambalo hata mzazi hana: unyevu, mzizi, chavua, vimelea. Mtu mzima akiketi karibu na kusema kwa maneno ya nyumbani, "ile bunga ya manjano mwenye iko juu ya muhindi njo inaanguka kwa nywele ya kikonzi, njo mbegu zinakamata," hapo chavua imepata mwili. Asiyeketi karibu anamwachia mtoto kelele tamu.

Kuna njia ingine, na koperative inaweza kuifanya bila kungojea mfadhili. Video ya SAWBO au ingine ya bure, unazima sauti, unamweka mwalimu au mama mwenye sauti nzuri aisome hadithi kwa Kiswahili cha kwetu, au kwa Kibemba, Kilamba, Kisanga, akiwa amesimama hapo hapo mbele ya watoto. Hakuna mashine inayohitajika. Tena mtu anayesimama ana faida juu ya sauti iliyorekodiwa: anaona mtoto gani hajaelewa.

Mbu mkubwa kama mbuzi

Kuna hadithi ya zamani ambayo watu wa sinema wa wakati wa wakoloni walipenda kuisimulia. Wanasema walionyesha kijijini filamu ya malaria, mbu akajaza kitambaa chote. Filamu ikiisha, wazee wakasema: hii habari haituhusu, mbu wa kwetu ni wadogo. Wakaicheka Afrika kwa hadithi hiyo miaka mingi.

Sisi tunaona wazee hao, kama waliishi kweli, walisema haki. Aliyekosa ni mwenye filamu. Hakuweka kidole, wala punje ya muhindi, wala kitu chochote pembeni ya mbu ili mtu apime. Kitu kikubwa kwenye kioo ni kikubwa kwa yeyote ambaye hajaambiwa vingine, na mtoto wa miaka mitano, awe wa Kasumbalesa au wa Paris, hajaambiwa. Ukichagua katuni ya kiwavi, angalia kama wameonyesha ukubwa wake wa kweli. Kama hawakuonyesha, simamisha video na uweke kiwavi cha kweli kwenye kiganja chako.

Angalia pia wanyama wanaozungumza. Watoto wanawapenda, na Akili na marafiki zake wanaimba vizuri sana. Kwa namba na herufi hakuna ubaya. Lakini watafiti waliosoma vitabu vya picha vya watoto wameona kwamba mnyama akivaa nguo na kusema kama mtu, mtoto mdogo anaanza kufikiri kwamba mnyama wa kweli naye anawaza kama mtu. Kiwavi kwenye katuni anakasirika, anataka kulipiza. Kwenye shamba kiwavi hakasiriki, ana njaa. Mtoto anayedhani kuna hasira atatafuta dawa ya hasira, na katika vijiji vyetu, ambamo mahindi yakifa watu wanaanza kutazamana vibaya, hilo si jambo la kuchezea. Nani ametuma wadudu? Hakuna aliyetuma. Kipepeo alitaga mayai.

Kosa la tatu ni katuni zenye adui tu. Mtoto anatoka hapo na fimbo, anaua kila kinachotambaa. Anaua manyigu ambaye huwinda viwavi na kulisha watoto wake, anaua chungu, anaua buibui. Hao ni vibarua wa bure wa shamba lako. Katuni nzuri inawaonyesha pia. Isipowaonyesha, uwataje wewe.

Tena kuna kuiga. Mtoto anafanya kile ameona. Akiona kwenye kioo mtu anapuliza dawa, kesho anatafuta pompi. Kwa hiyo kwa wadogo tunasema wazi: katuni yenye kupuliza dawa, iacheni kwa wakubwa, na pompi na dawa vikae fasi yenye kufungwa na ufunguo.

Juu ya umri na saa: Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri mwaka wa 2019. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hana kazi na kioo hata kidogo. Wa miaka miwili mpaka minne, isipite saa moja kwa siku, na ikiwa kidogo zaidi ni vizuri zaidi. Katuni za kilimo ni fupi, hazifiki dakika kumi. Shida ni zile zinazofuata, kwa sababu telefone haijui kunyamaza.

Simamisha, uliza, nenda shambani

Sasa namna ya kuitumia. Mtoto akiomba irudiwe, mrudishie. Katika miaka ya 1990 kipindi kimoja cha watoto wadogo cha Marekani, Blue's Clues, kilionyeshwa kilekile siku tano mfululizo. Watu wakubwa walichoka. Watoto walielewa zaidi kila siku, na badala ya kuchoka walianza kujibu kwa sauti kubwa. Kwa hiyo video moja ya kiwavi kwa wiki nzima inapita video saba tofauti.

Lakini siku ya pili usiiache ipite mpaka mwisho. Isimamishe pale kipepeo kinatua juu ya jani. Uliza: "Iko inatafuta nini pale?" Ngojea. Watasema inatafuta chakula, wengine watasema inalala. Acha wabishane. Halafu bonyeza, waone mayai. Mtoto aliyekwisha kukisia hasahau jibu, hata kama alikisia vibaya.

Siku ya tatu mwende shambani, asubuhi na mapema, wiki mbili au tatu baada ya muhindi kuota. Kwetu hiyo ni mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, kulingana na mvua. Kila mtoto mstari wake. Wanatafuta madirisha kwenye majani, wanatafuta mayai yenye manyoya, wanachungulia kwenye moyo wa muhindi. Kiwavi mkubwa wanamtambua kwa alama mbili: kichwani kuna mistari ya rangi nyeupe kama herufi Y iliyogeuzwa, karibu na mkia kuna madoa manne yaliyopangwa kama kona za meza. Mtoto anayejua herufi Y amepata kazi ya kusoma katikati ya shamba. Asiyeijua ataijifunza siku hiyo.

Mayai yanafinywa kwa jani lenyewe. Hapo ingiza hesabu: kifungu kimoja tuseme ni mayai 150, mmepata vifungu vinne, je, ni viwavi wangapi hawatazaliwa? Mtoto wa mwaka wa tatu atapata 600. Yule wa mwaka wa kwanza atasema "mingi," naye amejibu vizuri. Baadaye wanawe mikono.

Chukueni viwavi wawili watatu mwende nao. Kila mmoja chupa yake, kwa sababu ukiwaweka pamoja wanakulana, na hilo pia watoto wanapenda kulijua. Kata chupa ya plastiki juu, weka udongo wenye unyevu kidogo kina cha vidole vinne, weka kipande cha jani la muhindi, funika kwa kitambaa chepesi kilichofungwa na kamba. Jani libadilishwe kila siku. Kila siku mtoto mmoja anachora kile anaona kwenye daftari, na tarehe. Siku moja kiwavi hayuko. Watasema amekufa au amekimbia. Usiwaambie. Rudisha video.

Bidoni na buji

Hiyo ya maharagi ni somo la wakati wa baridi, baada ya mavuno, na tunaipenda kwa sababu inahusu kitu ambacho hata katuni inapata shida kukichora: hewa.

Kadudu ka maharagi kanapumua kama sisi. Ukijaza bidoni mpaka juu kabisa na maharagi yaliyokauka vizuri, ukifunga kizibo hewa isiingie, madudu yaliyo ndani yanamaliza oksijeni iliyobaki. Yanaacha kula, yanaacha kuzaa, yanakufa. Hakuna dawa. Katuni inachora oksijeni kama vitone vidogo vinavyopungua kimoja kimoja, na mtoto anakubali. Lakini amekubali kama anavyokubali sungura anayesema. Ndiyo maana mkubwa awashe buji mbele yao na aifunike kwa glasi. Moto unapungua, unazimika. Hakuna aliyeupuliza. "Nani ameizima?" Hilo swali liache likae mpaka kesho.

Kisha chupa mbili za plastiki zilizo safi, maharagi yenye madudu ndani ya zote mbili. Moja imejaa mpaka mdomoni na imefungwa kabisa, ya pili imefunikwa kwa kitambaa. Ziwekwe juu ya kabati, mtoto asizifungue. Baada ya mwezi zitazamwe pamoja. Yule aliyeifungua katikati ili kuchungulia ameingiza hewa mpya, na atakayejua kueleza kwa nini chupa yake haikufaulu amesoma kuliko wengine.

Neno moja kwa sauti kubwa kwa wazazi: bidoni la kuhifadhi maharagi lisiwe hata siku moja lile lililokuwa na dawa ya shamba, hata kama limeoshwa mara kumi kwa sabuni. Katuni nyingi hazionyeshi bidoni limetoka wapi. Mtoto ataleta lile la kwanza analoliona nyuma ya nyumba, na mara nyingi hilo ni la dawa. Yatobolewe kabla ya kutupwa.

Kwa ajili ya mkutano wa koperative

Hatusemi mnunue kitu. Telefone moja yenye kioo kikubwa inatosha watoto sita au saba. Zaidi ya hapo wa nyuma wanaona vichwa vya wenzao. Video zipakuliwe mara moja mjini, zisimalize mega za mtu kijijini. Wale vijana wenye kompyuta wanaoweka miziki kwenye kadi ya memori wanaweza kuziweka pia, na kadi inapita kutoka telefone hadi telefone. Batri ijazwe kwenye sahani ya jua ya koperative mchana.

Kitu cha kuzungumza kwa kweli ni nani atakayeketi na watoto. Tumeona mambo mengi mazuri yakifa kwa sababu yaliwekwa juu ya mtu mmoja, mara nyingi mwalimu ambaye tayari ana watoto sitini mbele yake. Mama wa kamati ya mbegu wanajua kiwavi kuliko yeye, na watoto wakubwa, wale yaya wa nyumbani, wanajua telefone kuliko wote. Na wasichana wawemo. Saa ambayo wavulana wameketi mbele ya kioo njo saa ambayo msichana ametumwa mayi. Kama saa hiyo haibadiliki, tutakuwa na wavulana wanaojua hadithi ya kiwavi na wasichana watakaoendelea kukitoa kwenye muhindi bila kuijua.

Na zile chupa za viwavi, mmoja awe na kazi ya kuzihesabia siku tangu siku kiwavi kilipoingia kwenye udongo. Kuanzia siku ya saba watoto wachungulie kila asubuhi. Kitambaa kisifunguliwe. Kipepeo kikitoka, kitakuwa kimekaa kwenye ukuta wa chupa, cha kijivu, kidogo kuliko vile walivyofikiri. Wakitazame vizuri, wakichore. Wengine watalia mkiwaambia lazima kiuawe kabla chupa haijafunguliwa, kwa sababu wamekilisha wenyewe. Waulizeni basi, usiku huo kingeruka kwenda shamba la nani.